Mchuzi wa Mtoto na Minofu ya Baba: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Protini

Tulipowaomba wasomaji walete maswali kuhusu protini, nilitarajia malalamiko juu ya bei ya nyama. Barua zilizokuja zinahusu zaidi chakula ambacho tayari kimo jikoni, lakini ama hakimfikii anayekihitaji, ama kinamfikia kikiwa kimepikwa au kuchanganywa isivyofaa. Nimechagua tano, na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa kuwa nyingine nyingi zimebeba swali lilelile.

SWALI: Mtaalamu, salaam. Mwanangu ana umri wa mwaka mmoja na miezi minne. Mama mkwe aliniagiza nisimpe nyama wala maharage yenyewe mpaka meno yatimie, bali nimpe mchuzi, kwa kuwa nguvu yote ya chakula hukimbilia kwenye mchuzi. Nimefanya hivyo tangu alipofikisha miezi saba, lakini mara mbili zilizopita kliniki mstari wa kadi yake umelala. Isitoshe, nina mimba ya miezi minne, na majirani wameanza kunong'ona kwamba nimembemenda mtoto. Wiki iliyopita nikamwachisha ziwa. Nimekosea wapi?
Mama wa watoto watatu, Manyoni

JIBU: Pole, mama. Naomba nianze na huo mchuzi, na nikuambie mapema kwamba kosa hili si lako peke yako. Tia kipande cha nyama kwenye sufuria ya maji ukichemshe; baada ya muda mfupi utaona povu la kijivu likielea juu, lile ambalo wapishi wengi huliengua na kulimwaga. Hiyo ni protini kidogo iliyotoroka kabla moto haujaigandisha. Iliyosalia, ambayo ndiyo karibu yote, imeganda ndani ya mnofu kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, na hata ukichochea kuni tangu asubuhi mpaka adhuhuri haitayeyuka ikaingia majini. Kinachoingia kwenye mchuzi ni chumvi, mafuta, ladha, na kama kuna mifupa, jelatini, ambayo ndiyo inayoifanya supu ya makongoro igande ikipoa. Jelatini ni protini kweli, lakini haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi tisa za amino ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe, kwa hiyo haiwezi kumkuza mtoto ikiwa peke yake. Mchuzi wa maharage hauna tofauti kubwa: mali imo kwenye punje.

Meno yasikutie wasiwasi, kwani ufizi wa mtoto wa umri huo unakimudu vizuri chakula kilichopondwa. Pakua maharage yaliyoiva mpaka yanapondeka kwa kidole, yasage kwa mwiko ndani ya bakuli, yapitishe kwenye chujio ikiwa maganda yanamkaba, kisha yachanganye na ugali laini au viazi. Dagaa wakavu waondoe vichwa na mchanga, wakaange bila mafuta, watwange kwenye kinu na uwachekeche; unga wake unaingia kwenye uji au mboga bila mtoto kugundua. Mtoto wa kilo 10 anahitaji takriban gramu 10 tu za protini bora kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, la kuku wa kienyeji pungufu kidogo kwa kuwa ni dogo. Vijiko vikubwa vinne vya maharage yaliyopikwa vina gramu 5 hivi. Na kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 8. Unaona kwamba hatuzungumzii nusu kilo ya nyama.

Sasa niulize jambo ambalo huenda halijaulizwa nyumbani kwenu: nani hupakuliwa kwanza? Katika nyumba nyingi nilizotembelea, minofu huingia sahani ya baba na mchuzi hubaki kwa watoto, na hakuna anayeona tatizo kwa sababu wote wamekula mboga moja. Hesabu yake ni hii. Mtu mzima mwenye kilo 65 anahitaji gramu 54 hivi za protini kwa siku. Akila ugali wa gramu 400 za unga wa mahindi kwa siku nzima, amepata gramu 32 hivi, na akiongeza maharage yaliyokuwa gramu 100 kabla ya kupikwa, anapata nyingine 22, jumla yake 54. Tumbo lake ni kubwa, na ukubwa huo pekee unamfikisha anapotakiwa kufika. Tumbo la mtoto ni dogo, hujaa kwa vijiko vichache, kwa hiyo kila kijiko chake lazima kibebe kingi zaidi. Kama sufuria ina kipande kimoja tu cha nyama, mwenye haki nacho ni yule asiyeweza kumaliza tonge tatu. Mueleze mama mkwe kwa heshima. Wazee wengi hukubali wakionyeshwa kadi yenyewe.

Usisahau kuupa uji uzito. Mtoto anapolishwa uji mwepesi kama maji, mwili wake hukosa nishati, nao huichoma hata hiyo protini kidogo uliyompa, kama mtu aliyeishiwa kuni akavunja mlango ili apike. Uji uwe mzito wa kushikamana na kijiko, uwe na kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa, na upikwe mara kadhaa kwa siku.

Kuhusu kubemenda, nisingependa kuwadharau majirani zako, maana wazee waliona jambo la kweli ila wakalipa sababu isiyokuwa yake. Mwaka 1933 daktari mzaliwa wa Jamaika, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na mikono na kubadilika ngozi baada ya kulishwa uji wa mahindi mtupu. Miaka miwili baadaye aliutaja ugonjwa huo kwa jina ambalo Waga, kabila la huko, wenyewe walikuwa wakiuita, kwashiorkor, yaani maradhi ya mtoto aliyeondolewa kifuani kwa kuwa mdogo wake anakuja. Huko walisema hivyo, huku tukasema kubemenda. Wote waliona mtoto akidhoofika pindi mama anaposhika mimba nyingine. Kinachomdhoofisha ni kupoteza maziwa ya mama na kuhamishiwa kwenye chakula hafifu. Mimba hupunguza maziwa na kubadili ladha yake, lakini haiyageuzi kuwa sumu. Kama mimba yako haina matatizo, mrudishe mtoto kifuani. Wiki moja si muda mrefu, na akinyonya mara kwa mara maziwa yana nafasi ya kurudi. Nawe kula, kwani katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba mahitaji yako ya protini yataongezeka kwa gramu 31 hivi kila siku. Ukiambiwa usile mayai mtoto asije akazaliwa kipara, jibu kwa tabasamu na uendelee kula.

Lipo jambo moja ninalokuomba ulifanye leo. Bonyeza sehemu ya juu ya vitanga vya miguu yake yote miwili, si chini ya unyayo, kwa kidole gumba kwa sekunde tatu, kisha uachie. Ikiwa kishimo kimebaki katika miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, wala usijaribu kumtibu nyumbani kwa kumjaza nyama na mayai. Hapo ndipo watu wengi hushangaa: kwashakoo, au unyafuzi kama tunavyouita, haitibiwi kwa kumpa mtoto protini nyingi mara moja. Katika wodi huanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye chini ya gramu 1 ya protini katika kila mililita 100, kwa sababu ini na figo za mtoto huyo haziwezi bado kuhimili mzigo, na baada ya hali yake kutulia ndipo hupandishwa kwenye F-100, yenye karibu gramu 3. Kwa miongo mingi wataalamu waliuchukulia ugonjwa huu kama upungufu wa protini na basi. Tafiti za baadaye, ukiwamo mmoja wa watoto mapacha wa Malawi uliochapishwa mwaka 2013, zimeonyesha kwamba hata vijidudu vinavyoishi utumbo wa mtoto vina sehemu yake.

SWALI: Mimi hutengeneza unga wa lishe kwa ajili ya watoto wangu na wateja wachache. Natia mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, korosho, mbegu za maboga na dagaa, vyote nasaga pamoja mashineni. Mteja mmoja ameniambia eti ninakosea, kwamba vitu vikiwa vingi vinaharibu. Naomba ukweli.
Mjasiriamali, Morogoro

JIBU: Mteja wako ana haki, dada yangu, ingawa huenda hakukueleza sababu. Mwili hujenga protini zake kwa asidi 20 za amino, na ujenzi husimama pale inapoisha ile iliyo chache zaidi, hata kama nyingine zimejaa tele. Katika mahindi zilizo chache ni laisini na triptofani. Mtama, uwele, mchele na ngano navyo vimepungukiwa laisini. Kwa hiyo ukirundika nafaka sita umerundika pengo lilelile mara sita. Linalozibwa na maharage, soya, kunde au choroko ni pengo hilo, maana jamii ya mikunde ina laisini nyingi, ila imepungukiwa methionini, ambayo nafaka wanayo. Bibi aliyepika makande hakusoma kemia, lakini sufuria yake ilikuwa na mizani sahihi. Sehemu tatu za nafaka, ya aina moja au mbili, kwa sehemu moja ya mikunde, zinatosha.

Wasiwasi wangu mkubwa upo kwenye karanga na korosho. Zikisagwa na kuhifadhiwa ndani ya unga, mafuta yake huchacha baada ya muda mfupi, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana na sumukuvu, ambayo kupika kwa kawaida hakuiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao wakafariki, na chanzo kilikuwa mahindi ya mashambani kwao. Chambua kwa mkono, punje kwa punje. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, asipewe hata kuku. Karanga zisagwe kidogokidogo na zitiwe wakati uji unachemka. Dagaa nao wakae chombo chao, kwani wakiwa ndani ya unga ndio wa kwanza kuuharibu.

Soya inataka adabu yake peke yake. Ikiwa mbichi ina kemikali inayokizuia kimeng'enya cha tumboni kinachomeng'enya protini, na mtoto anayekula soya iliyosagwa bila kupitishwa motoni anaweza kuharisha huku mama akidhani anamlisha vizuri. Ichemshe kwanza kwenye maji yanayotokota kwa dakika 20 hivi, iondoe maganda, ianike ikauke kabisa, ikaange, ndipo uipeleke mashineni. Na tafadhali, andika kwenye pakiti tarehe uliyosaga.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, uzito wangu ni kilo 68, na nafanya mazoezi ya vyuma siku tano kwa wiki. Kila asubuhi nakunywa mayai sita mabichi. Wenzangu wa jimu wanasema bila unga wa protini wa mkebe sitajaza mwili. Mkebe mmoja unamaliza mshahara wangu wa wiki mbili. Ninunue?
Kijana wa Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yapike hayo mayai. Katika jaribio lililofanyika Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 1998, watu waliokula mayai yaliyopikwa walisharabu asilimia 91 ya protini yake, na walipokula mabichi wakasharabu asilimia 51 tu. Maana yake mayai yako sita mabichi yanakaribiana na matatu na nusu ya kuchemsha, na mengine umeyanunua ili yapite tu. Ute mbichi pia una kitu kinachoishika biotini, moja ya vitamini za kundi B, isitumike mwilini, na sijataja bado bakteria wa salmonela.

Anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi ya mtu wa kawaida, hilo wenzako wamesema kweli. Uchambuzi wa tafiti 49 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba faida huongezeka mpaka kufikia gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili, na kupita hapo misuli haiongezeki kwa kiasi cha kuonekana. Kwako ni gramu 109 kwa siku. Mayai matatu ya kuchemsha yana 18, bakuli la mbaazi za nazi pamoja na mahamri ya asubuhi lina 13 kabla hata hujahesabu mahamri, kipande cha mnofu wa samaki cha gramu 150 kina 35, vikombe viwili vya maziwa vina 16, bakuli la ndengu lina 14, na chapati, wali na mkate wa siku nzima vinaongeza 20 hivi. Umefika 116, na hukutoka mtaani kwenu. Gawa katika milo minne badala ya kubwia vyote usiku.

Huo unga wa mkebe kwa kawaida ni majimaji yanayobaki baada ya maziwa kugandishwa kuwa jibini, yamekaushwa na kutiwa ladha. Si sumu, wala si dawa. Anayekosa muda wa kula anaweza kuutumia. Anayelipa mshahara wa wiki mbili ili aupate anapaswa kuufikiria upya, hasa akijua kwamba mikebe mingine huwa na vitu ambavyo havikuandikwa ubavuni.

SWALI: Nina miaka 71 na uzito wa kilo 62. Mwaka juzi niliambiwa nina jongo, na aliyenipima akaniamuru niache nyama, samaki, maharage na maziwa. Nimetii. Nakula ndizi na mboga za majani. Kidole gumba cha mguu kimetulia, lakini sasa nikiketi siwezi kuinuka bila kushika meza.
Mwalimu mstaafu, Bukoba

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Dalili uliyoieleza ndiyo inayonisumbua kuliko jongo lenyewe. Kilo nzima ya ndizi za kupika haifikishi gramu 15 za protini, na mwili usiopata protini ya kutosha huitafuta kwenye misuli yake, ukianzia na ile mikubwa ya mapaja, ambayo ndiyo inayomwinua mtu kitini. Mtu wa umri wako anahitaji zaidi kwa kila kilo kuliko kijana asiyefanya mazoezi, kati ya gramu 1 na 1.2, yaani kwako gramu 62 hadi 74 kwa siku.

Jongo husababishwa na asidi ya yuriki, inayotokana na purini, kemikali ya asili iliyomo mwilini na katika vyakula. Purini nyingi zimo kwenye maini, figo, nyama nyekundu na dagaa, na bia huongeza tatizo; hivyo aliyekushauri hakukosea vyote. Alikosea kwenye maharage na maziwa. Utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 nchini Marekani kwa miaka 12, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba walaji wakubwa wa nyama na samaki waliugua jongo zaidi, ilhali mikunde na mboga zenye purini hazikuongeza ugonjwa huo, na wanywaji wa maziwa yenye mafuta kidogo waliugua kwa uchache zaidi. Kwenu ndizi hupikwa na maharage tangu enzi na enzi. Irudishe sufuria hiyo mezani, ongeza yai na maziwa kila siku, na kipande cha kuku mara chache kwa wiki. Senene ukiletewa, onja kwa heshima ya mgeni usijaze sahani.

Kabla ya kubadili chochote, omba kupimwa figo, kipimo ambacho kwenye maabara nyingi huitwa kreatinini, kwa sababu jongo na maradhi ya figo hutembea pamoja mara nyingi. Figo zikiwa zimedhoofika, kiasi nilichokutajia kitapunguzwa na daktari wako. Zikiwa nzima, anza na maharage kesho, na kila siku jizoeze kuinuka kitini mara kumi, mwanzoni kwa kushika meza hiyohiyo.

SWALI: Ni mpishi wa shule ya bweni. Maharage tunayoletewa ni magumu, kwa hiyo natia magadi mengi yaive haraka. Wanafunzi wanalalamika gesi, na siku moja kuni zilipopungua wengi walitapika baada ya chakula. Je, magadi yanaua protini?
Mpishi, Tabora

JIBU: Protini haidhuriki sana na magadi, ndugu mpishi, kinachoharibika ni vitamini B1. Kutapika kwa siku ile nadhani kulitokana na maharage yasiyoiva, kwani maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huisha yakitokota kwa nguvu, lakini hubaki, na hata kuzidi, yakipikwa kwa moto hafifu usiofika kiwango cha kuchemka. Ugumu wake huja kwa kukaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu, hivyo mwombe anayenunua atafute ya msimu huu. Yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi, asubuhi yamwage maji hayo, kwani yameondoka na sehemu ya sukari zinazoleta gesi, weka maji mapya, na yatokote kwa nguvu kwa nusu saa kabla hujapunguza moto. Magadi yakibidi, yawe kidogo kuliko unavyotia sasa.

Uliniuliza pia kwenye karatasi ya pili kiasi cha kugawa. Kilo moja ya maharage makavu kwa wanafunzi 10 inampa kila mmoja gramu 22 hivi za protini, na ukiigawa kwa wanafunzi 25 zinabaki 9. Koroga sufuria mpaka chini kabla ya kila upawa, la sivyo aliye mwisho wa foleni atapata mchuzi.